FLAC haiwezi kuponya albamu iliyoharibiwa kiwandani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kusikiliza albamu za roki za zamani kwa sauti isiyopunguzwa, yaani isiyotupa data yoyote ya muziki, imewaaminisha wasomaji kwamba tarakimu za biti na kilohezi zikipanda, ubora wa muziki nao unapanda. Hapo mmeteleza.

Chukueni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973. Ina dakika kama 43. Kwenye CD, kwa sampuli 44,100 (vipimo vya wimbi la sauti) kila sekunde, kila kimoja cha biti 16, ni takriban megabaiti 455. Ikifungwa katika FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kutupa chochote, hushuka hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo, na ikifunguliwa hakuna hata sampuli moja iliyopotea. Kwa biti 24 na kilohezi 192, kabla ya kubanwa, inakaribia gigabaiti 3. Ziada yote hiyo imebeba nini? Sampuli 44,100 zinatosha masafa hadi kilohezi 22, na sikio zima kabisa huishia kama 20. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96, ambayo kanda za studio za enzi zile, pamoja na mvumo wake, haziijazi.

FLAC ina faida yake, na katika albamu hii iko kwenye maungio ya nyimbo. "Speak to Me" huanza na mapigo ya moyo, makelele yakapanda, kisha ukelele ukamwagikia ndani ya "Breathe" bila pumzi. MP3 hukatwa vipande vya sampuli 1,152, na ncha za faili hujazwa ukimya. Programu isiyojua ukimya huo unaanzia na kuishia wapi hupiga kwikwi pale pale kwenye ungio. FLAC hutunza idadi kamili ya sampuli, kwa hiyo kwikwi haipo, mradi umezima kile kipengele cha kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Wengi hukisahau, kisha wanailaumu faili.

Lakini kinachobadilisha sauti kuliko vyote ni toleo. Matoleo mengi ya CD yaliyoandaliwa upya tangu miaka ya 1990 yamekandamizwa, yaani sauti ndogo zimepandishwa zikaribie kubwa, ili yasikike kwa kishindo: mapigo ya ngoma yaliyokuwa yakiruka juu ya gitaa yamekatwa vichwa. FLAC ya toleo hilo itakutunzia ngoma hizo zisizo na vichwa kwa uaminifu wote. MP3 ya kilobiti 320 iliyotoka kwenye toleo lisilokandamizwa inaishinda. Ukitaka kulinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti wa matoleo yote mawili, kwa sababu tofauti ya desibeli 1 tu inatosha kulifanya sikio lipende lile lenye kelele zaidi.

Halafu kuna FLAC za bandia, yaani MP3 iliyovishwa kanzu ya FLAC. Ifungue kwa programu ya Spek uone mchoro wa masafa. Ukikuta umekatwa wima kama kwa kisu kwenye kilohezi 16, shuku MP3 ya kilobiti 128. Kilichotupwa hakirudi kwa kubadilisha jina la faili.

Makala pia ilinyamazia Bluetooth. CD inahitaji kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hata LDAC, iliyo miongoni mwa njia pana za kubana sauti ipite kwenye Bluetooth, huishia 990, na SBC, njia ya kawaida, hucheza kwenye 328. Karibu vifaa vyote vya masikioni visivyo na waya hutupa upya sehemu ya data ya sauti, hata faili iwe safi namna gani. Tumia waya. Na kwenye huduma za intaneti, kagua mpangilio wa data ya simu, wa Wi-Fi na wa kupakua, kila mmoja peke yake, kwani mara nyingi hutenganishwa.

Anayenakili CD zake atumie programu ya Exact Audio Copy, ambayo hulinganisha nakala na za watu wengine kupitia hifadhidata ya AccurateRip. Nakala zikitofautiana, futa vumbi kwenye diski urudie. Viwango vya kubana vya FLAC, 0 hadi 8, hugusa ukubwa wa faili na muda wa kuibana tu. Sauti ni ile ile. Kiwango cha 5 kinatosha.

Msomaji wenu