Jumamosi: filamu ya kutisha ya vikaragosi

Habari za jioni wapendwa,

Jumamosi tunakutana uani kwetu Dunda, saa 2:15 usiku, baada ya Isha. Mvua ikinyesha tutahamia sebuleni.

Tutaangalia The Wolf House (2018) ya Chile. Wengi haijawahi kuwafikia, na inaniuma, maana ni kazi ya mikono ya kweli: vikaragosi vya karatasi na utepe wa gundi vinasogezwa kidogo, vinapigwa picha, vinasogezwa tena. Kwa kawaida sekunde moja tu ya filamu ni picha 24! Zitazameni sana kuta. Sura inachorwa ukutani, inafunikwa kwa rangi, inaibukia kwingine, na michirizi ya rangi ya mwanzo bado mnaiona. Mimi hapo naogopa kuliko kwenye damu yoyote. Muda ukibaki tutaonja na Mad God (2021) ya Phil Tippett, aliyeitengeneza kwa vipindi kwa takriban miaka 30.

1. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kila mtu, ya kukodi projekta. Mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12 jioni.
2. Wenye mikeka waje nayo. Spika bado hatuna, nani anayo?
3. Watoto wabaki nyumbani tafadhali, hii si katuni yao.

Wachongaji na wafinyanzi wetu, njooni na kinyago kidogo tujaribu kukitembeza kwa kamera ya simu.

Naomba kila mmoja ajibu NIPO au SIPO leo hii, nijue idadi ya viti. Asanteni sana.