Kipindue Kikombe: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Dresden

Mwanangu Nassor,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikamwita dada yako naye asikilize, isije ikawa masikio yangu. Umetoa pesa ya kodi ukanunua seti ya chai ya kauri ya kiwanda cha Meissen sokoni kando ya mto Elbe, eti uiuze kwa faida. Pesa ya kodi, Nassor!

Umekipindua kikombe? Chini yake patafute panga mbili za buluu zilizopishana. Kiwanda kinazitumia tangu miaka ya 1720, na waigaji nao wamezichora mpaka basi. Ukiziona, pitisha ukucha. Zikiwa zimekatwa mkwaruzo, ujue kiwanda chenyewe kilikiona chombo kina ila, au kilikiuza cheupe kikaenda kuchorwa nje. Na kama uliyoyaona ni A na R zilizoungana, usikimbilie kumtaja mfalme Augustus, ati herufi hizo ni zake, Augustus Rex. Hapohapo Dresden, karne ya 19, alikuwapo Helena Wolfsohn, akinunua vyombo vyeupe, akivichorisha na kuvitia alama hiyo, hata Meissen ikamshitaki. Vyake vizuri, lakini si vya mfalme, na bei si hiyo.

Utasema mama kayajulia wapi. Ami yako kauza vitu vya kale Mji Mkongwe miaka yote, na aliyekuwa akivifuta vumbi ni mimi. Buli la bibi yako usiniulize lilikokwenda.

Jicho unalo, sikunyimi. Uliposema waridi la kikombe hiki halifanani na la kile, nilicheka peke yangu jikoni, maana maua ya chapa hufanana yote. Ya mkono, sawa. Mkono wa nani? Kipindue kikombe, baba.

Usivitie kwenye mashine ya kuoshea, dhahabu itatoka. Gonga mdomo wa kila kimoja kwa ukucha: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hukwama. Buli na bakuli la sukari vitazame vifuniko, visije vikawa vya kuazima. Picha za maua zimetosha, nitumie za chini.

Fundi wa paa kachukua pesa yake na bado tunatega beseni. Mahari ya dada yako imefika, alhamdulillahi, makochi ndiyo bado. Kodi nitamwomba khalo wako akutumie Ijumaa. Babako akipokea simu, vikombe usivitaje.

Mama yako