Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, wengine habari za jioni.

Kabla ya yote naomba Bi Katibu aandike kwenye kumbukumbu kwamba mkutano huu ulitangazwa kuanza saa kumi kamili, na sasa ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Chama chetu hapa Uswisi kina wanachama 41. Humu ndani tupo 11, nikijihesabu mimi mwenyewe, na ukiacha mtoto wa Bi Mweka Hazina ambaye hana kura. Mwaka jana tulikuwa 16. Kwenye harusi na kwenye nyama choma huwa tunakosa viti. Nitasoma hivyo hivyo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Mwezi wa pili tuliteleza kwa sleji Grindelwald, mtu mmoja akatenguka kidole gumba. Mwezi wa tano Lauterbrunnen, kwenye maporomoko ya Staubbach, yale yanayoanguka karibu mita 300. Tukala chapati, tukarudi. Mwezi wa sita tulitoka Männlichen kwa miguu hadi Kleine Scheidegg, watu 14, na Bibi yetu wa Lubumbashi aliimaliza ile njia akiwa na mwavuli mkononi, akatutangulia baadhi yetu. Mwezi wa saba tulipita chini ya ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger, kutoka kituo cha Eigergletscher kwenye mita 2,320 kuteremka hadi Alpiglen, watu tisa. Mwezi wa kumi tulikwenda kwenye korongo la barafu pale Grindelwald, watu wanne, mvua. Basi.

Sasa Faulhorn, ule mlima ambao niliwarudisha watu kabla ya kufika kileleni.

Najua lawama zilizosemwa juu yangu tangu Agosti. Zimesemwa kwenye kundi la WhatsApp, zimesemwa msibani, na nimeambiwa zimesemwa hata Zurich. Sijawahi kujibu, kwa sababu mwenyekiti hajibizani na wanachama usiku wa manane kwenye simu. Leo nitajibu, na naomba nisikatizwe.

Mpango niliuandika mimi, kurasa mbili, nikauweka kwenye kundi wiki tatu kabla. Tukutane kituo cha treni Bern saa moja na nusu asubuhi. Grindelwald tupande gari la nyaya hadi First, mita 2,168. Tutembee saa moja hadi ziwa la Bachalpsee, tupande Faulhorn, mita 2,681, kisha tufuate mgongo wa mlima mpaka Schynige Platte na kushuka kwa treni ya meno. Kutoka kileleni hadi Schynige Platte vibao vya njano vya njiani vinatoa karibu saa nne, na hizo ni saa za Mswisi asiyesimama kupiga picha. Treni ya mwisho ya kuteremka huondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukiikosa, unashuka kwa miguu hadi Wilderswil, karibu mita 1,400 kwenda chini, gizani.

Saa moja na nusu nilikuwa kituoni na Bi Katibu. Tuliondoka saa tatu. Sitataja waliochelewa, wanajijua, na mmoja alikuwa anatafuta maegesho. Ziwani tulifika saa sita na robo. Hapo mkeka ukatandikwa. Mimi nilisema dakika kumi na tano. Vitumbua vikatolewa, na zikawa arobaini. Nakubali nilikula.

Tulipoanza kupanda kutoka ziwani, wingu lilikuwa limeshakaa upande wa Männlichen, jeusi chini kama sufuria ya kuni. Radi ya kwanza nilihesabu sekunde kumi na tano kabla ya ngurumo. Gawanya kwa tatu, ni kilomita tano. Ya pili ilikuwa tisa. Wakati huo tuko juu ya njia wazi, hakuna mti, na watu kadhaa wameshika fimbo za chuma. Njia yenyewe ni mwamba mweusi unaomeguka. Hata jina Faulhorn limetokana na huo ubovu wa mawe yake. Ukilowa unakuwa utelezi. Nilitazama miguu ya kundi langu. Dada mmoja alikuwa amevaa raba nyeupe za mjini, soli bapa, na kila hatua mguu wake ulikuwa unarudi nyuma nusu ya ile aliyopanda. Kwenye mpango, ukurasa wa pili, niliandika viatu vya mlima. Alama za pale ni nyeupe, nyekundu, nyeupe, yaani njia ya mlima, wala si njano ya kutembezea mbwa.

Nikasema turudi. Ilikuwa saa saba na nusu, na kilele bado kama dakika arobaini na tano.

Watu 16 walirudi nami. Watatu wakaendelea. Ndugu yetu mmoja kati yao alisema maneno ambayo yamekuwa wimbo: kwamba yeye alishafika Uhuru, mita 5,895, na hiki ni kichuguu. Ndugu wanachama, mimi nimezaliwa Marangu. Hapo lango la mlima watu wanapita mbele ya nyumba ya baba yangu. Aliyefika Uhuru alikuwa na mguide, na wagumu, yaani wapagazi, walimbebea hema, chakula na mpaka maji ya kunawa. Juu ya Bachalpsee aliyekuwa mguide ni mimi, na mgumu ni mimi vilevile, maana chupa mbili za chai nilizibeba mimi, na makoti 20 ya nailoni ya mvua nililipa mwenyewe mfukoni, faranga 84, risiti ninazo. Sijadai.

Ndiyo, wale watatu walifika. Ndiyo, saa tisa jua lilitoka, na ile picha yao wakiwa kileleni na Eiger nyuma yao kama imeoshwa mnaijua, maana wengine mmeifanya ya wasifu. Namshukuru Mungu walirudi salama. Lakini jiulizeni walirudi wapi: walirudi First, njia ile ile. Schynige Platte hawakufika hata wao, kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo hata bila radi safari ile ilikuwa imeshakufa, na ilifia kituoni Bern. Na anayesema helikopta ya uokoaji ya Rega ingetufuata, namba 1414 ninayo kwenye simu kama kila mtu, lakini helikopta hairuki katikati ya radi.

Yapo madai ya tiketi za kuteremkia Schynige Platte ambazo hazikutumika, jumla faranga 380. Kamati imekataa kuyalipa. Sanduku la chama lina 343.

Ipo pia barua ya kutaka mkutano wa dharura, yenye sahihi saba. Sheria ya Kiraia ya Uswisi, ibara ya 64, inataka moja ya tano ya wanachama, kwa hesabu yetu watu tisa. Saba si tisa. Na kati ya hao saba, watatu hawajalipa ada tangu mwaka juzi.

Ambapo ndipo tunafika kwenye ada. Ni faranga 50 kwa mwaka, bei ya kikombe cha kahawa kwa mwezi. Waliolipa kamili ni 17, nusu ni sita, ambao hawajalipa kitu ni 18. Tulianza na 311, ada zikaleta 1,000, chapati na sambusa kwenye maonesho ya mtaa 420, tukatumia 1,388. Maelezo anayo Bi Mweka Hazina, ambaye ameomba kujiuzulu na nimemsihi asubiri kwanza.

Mwaka ujao tunatarajia kurudia Faulhorn, Mungu akipenda, pengine Julai. Tungependa pia kulala usiku mmoja kwenye ile nyumba ya wageni ya kileleni, ambayo ipo tangu karne ya 19, fedha zikiruhusu. Kuna wazo la Zermatt. Kuna wazo la fulana. Vijana waliosema wataanzisha kamati ya viatu, bado nawasubiri.

Nafasi ya mwenyekiti iko wazi kwenye ajenda namba sita. Fomu zilikuwepo tangu Novemba na hadi jana jioni hakuna aliyechukua, akiwemo ndugu yetu wa Uhuru, ambaye leo pia sijamwona.

Naomba kuwasilisha.