Uraia wa wakazi wa Katumba usiwe mtaji wa kisiasa

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba ardhi ya mikoa ya magharibi imekwisha kwa sababu Serikali iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972. Waliopewa uraia ni watu wapatao 162,000, wengi wao wakiishi Katumba na Mishamo mkoani Katavi na Ulyankulu mkoani Tabora, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Hawafiki hata watatu katika kila elfu. Idadi yetu inaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, tena hasa kwa sababu ya uzazi, jambo ambalo wanasiasa wachache huthubutu kulisema jukwaani.

Wengi wa wananchi hawa wamezaliwa hapa, na kwa miaka kadhaa waliambiwa wahamie mikoa mingine kwanza ndipo wapewe vyeti, sharti zito ambalo baadaye liliondolewa. Kuwaita wageni hadi leo ni kuwadhulumu.

Nawaomba wabunge na madiwani wa maeneo hayo wadai shule, zahanati na upimaji wa ardhi kwa wakazi wote bila kuwabagua.

Msomaji wako,
Tabora