Dodoso lako nimelijaza

Shosti wangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Mimi mzima wa afya, hofu ni juu yako uliye mbali huko Dodoma. Nimeyaandika hayo kama tulivyofundishwa shuleni, halafu kalamu ikasimama. Mzima wa afya. Ndivyo mtaa mzima unavyosema tangu mwaka 2021, uvimbe ulipotolewa kwenye ubongo na mionzi ikaisha. "Si umepona? Mshukuru Mungu." Namshukuru, tena kila siku. Lakini wewe ndiye wa kwanza kuniuliza: umepona, sasa unahitaji nini?

Dodoso lako la mahitaji ya wagonjwa wa saratani nimelijaza. Maswali 34, kila moja nizungushie namba kuanzia 1 hadi 5 kwa hali ya mwezi uliopita. Limenichukua siku tatu. Usidhani nilipuuza, nikifika swali la kumi hivi, herufi zinaanza kuchanganyika na kichwa kinakuwa kizito kama nimejitwika ndoo, inabidi nilale. Na huo mwezi uliopita, shosti, nitaukumbukaje? Juzi nilibandika chai, nikatoka uani kuanua kanga. Kilichonirudisha ndani ni harufu. Maji yamekauka, majani yameungua, sufuria nyeusi tii, na mimi nimesimama pale najiuliza nani kabandika. Mtu kama huyo ukimuuliza ya siku thelathini atakujibu ya jana, au atakujibu la kukuridhisha.

Kuna swali la kazi za nyumbani. Nimezungushia 2, yaani hitaji limetimizwa. Limetimizwa kweli, lakini na nani? Na mama. Ndiye anayepika, ndiye anayehesabu vidonge vyangu vya kifafa asubuhi na usiku, ndiye anayekaa na kigoda nje ya bafu nikioga, maana hataki nifunge komeo. Genge lake la nyanya na vitunguu ameliacha kwa ajili yangu. Nami nina miaka 27. Karatasi yako itasema hapo sina shida, na mama hayumo kabisa. Nakuomba sana: popote mtu alipozungushia 2, muulize nani anambebea huo mzigo, kisha ukamuulize na huyo mbebaji.

Mengine hayamo, nadhani kwa kuwa dodoso lilitungwa kwa wagonjwa wa saratani kwa jumla. Kifafa hakimo. Akili kuchelewa haimo. Nilipata kazi ya keshia dukani. Wiki ya pili nikazidisha chenji mara nne kwa siku moja. Bosi aliniondoa kwa upole, wala simlaumu. Ila hakuna aliyewahi kunipima kumbukumbu na wepesi wa kufikiri, akaniambia kazi ipi nitaiweza. Kliniki wanatazama picha ya kichwa, picha ni nzuri, rudi baada ya miezi sita.

Hili ni letu wawili. Mwaka juzi hedhi ilikatika. Nikadhani ni mawazo. Baadaye sana ndipo daktari mmoja akanieleza kwamba mionzi ya kichwani inaweza kudhoofisha tezi inayoongoza homoni, hata baada ya miaka. Kwenye wiki zile sita za mionzi hakuna aliyenigusia habari ya uzazi. Labda waliona haya mbele ya mama. Sasa kuna kijana anataka kuleta posa, na sijui nimwambie nini, wala nimuulize nani. Dodoso linauliza mambo ya chumbani. La kuzaa halimo. Liongeze, tafadhali.

Ukija likizo uniulize tena kwa mdomo, maswali kumi kwa siku, asubuhi kabla jua halijawa kali. Barua hii nimemsomea mama, isipokuwa hapo pa hedhi. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema nikuandikie kwamba yeye yupo nyumbani kila siku, uje na karatasi yake.

Ni mimi, mwenzio wa dawati moja