Draya ya nywele haitengenezi kadi za nakshi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi vijana wengi wanajifunza kutengeneza kadi za harusi, Idi na Krismasi kwa mkono, na wanaambiwa kuwa asiye na kipulizia joto, kile kifaa cha umeme cha kupuliza hewa ya moto sana, atumie draya ya nywele kuyeyushia unga wa nakshi, yaani unga unaomwagwa juu ya wino mbichi wa muhuri na kuyeyushwa ili mchoro uinuke juu ya karatasi. Ushauri huo unawapotezea unga na karatasi.

Unga ule ni plastiki iliyosagwa. Ili uyeyuke na kushikana unahitaji joto la nyuzi 150 za Selsiasi au zaidi, tena kwa upepo mdogo. Draya ni kinyume chake: upepo mwingi, joto haba. Unga unapeperuka kabla haujalainika. Kama kipulizia hakipo, afadhali pasi ya umeme: iegemezwe vizuri uso ukiangalia juu, ipashwe kwa kiwango cha pamba, kisha kadi ishikwe juu yake, nakshi ikiwa upande wa juu. Joto likipita chini ya karatasi halipeperushi kitu. Jiko la mkaa liachwe. Majivu yakirukia unga mbichi hayatoki tena.

Lakini wengi huharibu kazi kabla hata ya kufika kwenye joto. Karatasi ipanguswe kwanza kwa kifuko cha kitambaa chenye poda, la sivyo unga utanata kila mahali, hasa huku pwani wakati wa masika ambapo karatasi hunyonya unyevu wa hewa. Muhuri upigwe kwa wino mzito usiokauka haraka, wenye glisirini. Ule wa mihuri ya ofisini hunyonywa mara moja na unga ukakosa pa kushika. Mwaga unga kwa wingi, kung'uta kadi juu ya karatasi iliyokunjwa, na uliobaki urudishe chupani. Chembe zilizopotea njia ziondolewe kwa brashi ndogo kavu, kwani zikishayeyuka ni madoa ya kudumu.

Mwenye kipulizia akiwashe pembeni kwa sekunde 10 hadi 15 ndipo akielekeze kwenye kadi, umbali wa sentimita 5 hivi. Vile vya mafundi wa kubandua rangi vina moto mkali mno: viwekwe kiwango cha chini kabisa na visogezwe mbali zaidi. Unga ukianza kung'aa, hama sehemu nyingine papo hapo. Hapa ndipo tamaa huponza watu. Anayetaka ung'ae zaidi huishia na nakshi iliyolala, imezama kwenye karatasi, na kingo zake zina alama kama ya mafuta. Joto likipungua nako, nakshi hubaki na chenga zinazobanduka kwa ukucha. Inamisha kadi kwenye mwanga utayaona yote mawili.

Kwa asiyetaka kununua unga ipo nakshi kavu, yaani mchoro unaoinuliwa kwa kukandamiza karatasi tu, na binafsi naiona ndiyo yenye heshima zaidi kwa kadi ya harusi. Kata stensili, yaani kiolezo chenye uwazi wa umbo la mchoro, kwa manila mbili zilizogundishwa, ibandike kwenye kioo cha dirisha, na juu yake weka kadi, uso wake ukiilalia stensili. Kisha kandamiza kwa nyuma ukitumia kijiti chenye ncha ya mviringo. Kalamu ya wino iliyokwisha inatosha kwa michoro midogo. Fuata kingo tu, usijaze katikati. Pitia mara mbili au tatu kwa nguvu ndogo, maana nguvu ya mara moja hupasua pembe. Kwa kuwa kazi inafanyika nyuma, stensili ya maandishi igeuzwe ili ukiwa unakandamiza uyaone kinyumenyume, kama wanavyofanya wanaoandika nukta nundu kwa mkono.

Karatasi iwe ya gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Ya fotokopi, gramu 80, itatoboka. Ile yenye mng'ao huchanika ngozi ya juu mahali palipokunjamana, hata iwe nene kiasi gani.

Jambo la mwisho ni kwa wanaouza. Kadi za nakshi kavu zisirundikwe wala kufungwa kwa mpira, kwa sababu za chini hulala zote. Zipangwe zikiwa zimesimama ndani ya boksi, kila moja na bahasha yake.

Mtengeneza kadi,
Tanga