Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Wilaya: turudishieni wasaidizi wa lugha madarasani

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, muuza dagaa sokoni, na mzazi katika mojawapo ya shule za serikali zilizo jirani na makazi ya wakimbizi hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilitaka tuzungumze ana kwa ana, lakini kila nikifika ofisini naambiwa umesafiri au uko semina. Basi naandika hadharani.

Kilichonisukuma ni mkutano wa wazazi wa wiki iliyopita. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza darasa la saba, yalisomwa mbele yetu. Shule yetu haikupata hata mtoto mmoja wa daraja la kwanza, huku shule ya mjini, ya serikali vilevile na ya wilaya hii hii, ikiwa nao kadhaa. Mtu aliyetumwa na ofisi yako akasimama akasema watoto wa wakimbizi ndio wanaoishusha wilaya. Akina mama wa Sudan Kusini walikuwa wamekaa benchi la mbele. Walisikia kila neno, maana lilitafsiriwa. Mimi ni mwenyeji, Mlugbara, na wanangu wamefeli pamoja na watoto wao. Sasa hao wangu nani amewashusha?

Nikueleze mtoto anavyofeli. Binti yangu mkubwa alipata F9, alama ya kufeli, katika hesabu. Huyo huyo ndiye ninayemwachia meza nikienda kufuata mzigo. Mteja akichukua vikombe vitatu vya dagaa, kimoja shilingi 1,500, akatoa noti ya 10,000, anarudishiwa 5,500 kabla mfuko haujafungwa. Baada ya matokeo niliomba karatasi za majaribio kwa mwalimu wake, jirani akanisaidia kuzisoma. Maswali ya chenji na ya bei binti aliyaacha wazi. Nilipomsomea hayo hayo kwa Kilugbara, alijibu papo hapo. Hesabu anaijua. Kilichomshinda ni Kiingereza cha swali.

Mdogo wake yuko darasa la tano. Ukifungua daftari lake utafurahi: mwandiko umenyooka, tarehe imepigiwa mstari kwa rula, ubao mzima umenakiliwa. Weka kidole kwenye neno lolote umwambie asome. Hawezi. Anachora maandishi, na mwaka ukiisha anapandishwa darasa kama wenzake, kwa kuwa ndio utaratibu wa UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote.

Tangu 2007 mtaala wa madarasa ya chini unataka mtoto afundishwe kwa lugha anayoijua hadi darasa la tatu, la nne liwe la kuvukia, halafu Kiingereza kishike. Naunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Lakini nadhani waliouandika walikuwa na kijiji cha lugha moja akilini. Darasa letu la kwanza lina watoto wa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kibari, Kidinka, Kinuer, na wa kutoka Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao. Mwalimu ni mmoja. Hata wanaomwelewa hawafaidi, kwa sababu kipindi kinaishia kwenye kuwaelekeza kwa ishara wasiomwelewa. Mwishowe shule ikakimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza, lugha ambayo watoto karibu wote hawaijui. Pengo linaanzia hapo, Mheshimiwa. PLE inakuja kulionyesha tu, miaka saba baadaye. Na shule ya mjini? Watoto wake wengi wamepitia chekechea za kulipia, maana serikali haina chekechea zake. Wanafika darasa la kwanza herufi wanazijua.

Corona nayo ilituumiza. Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, na masomo ya redioni hayakumfikia asiye na redio. Lakini pengo lilikuwepo kabla ya Corona, na tulikuwa tumeanza kuliziba.

Tulikuwa na wasaidizi wawili. Mmoja anajua Kibari na Kiarabu cha Juba, mwingine Kidinka na Kinuer, wote walifundisha kwao kabla ya vita. Walikaa darasani na mwalimu, wakaeleza somo kwa lugha ya mtoto, wakamfundisha herufi mpaka akazishika. Mwanangu wa mwisho, Mlugbara, ndiye pekee nyumbani kwangu aliyejua kusoma akiwa darasa la pili, kwa sababu mwalimu wake hatimaye alipata nafasi ya kumsikiliza. Shirika lililowalipa lilipokosa fedha mwaka 2025, wakaachishwa. Mmoja sasa analima simsim ya watu kwa kibarua.

Ulikuja shuleni, ukatuambia mwaka wa fedha ukianza wilaya itawabeba. Tulikupigia makofi. Julai mosi ikaja ikapita. Labda shida ni vyeti vyao vya Sudan Kusini ambavyo havijalinganishwa na vya Uganda. Labda ni fungu la mishahara. Au labda kuna wanaodhani hawa ni wageni, kesho wataondoka. Wimbi hili la wakimbizi lilianza na vita vya Juba vya Julai 2016, na mtoto aliyezaliwa hapa mwaka huo sasa yuko madarasa ya juu. Mwaka 2018 serikali yetu ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Kifungu cha 30 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya elimu, hakichagui kabila wala uraia.

Sisi wazazi tumefanya letu. Tunachanga mahindi ya uji, tumejenga vyoo, na nimeuza mbuzi wangu wa mwisho kununua sare. Mshahara wa mwalimu msaidizi hatuwezi kuuchanga, na sheria ya elimu ya 2008 inakataza shule za UPE kututoza ada.

Naomba matokeo yasisomwe tena kwa kuwanyooshea kidole watoto. Naomba vyeti vya wasaidizi vishughulikiwe. Na kama hayo yote ni mazito, nipe moja: wasaidizi wa lugha warudi darasa la kwanza hadi la tatu kabla muhula ujao haujafunguliwa. Hao wawili tu. Wako hapa hapa, wanasubiri kuitwa.

Jibu lako naomba liwe la maandishi, libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa Kilugbara, Kiswahili na Kiarabu cha Juba, ili akina mama wa benchi la mbele nao walijue.

Wako katika kuwatumikia watoto,
Mzazi wa West Nile